Karanga za Upande wa Kulia

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi hadubini, mchana brashi. Kuvu ya leo ina shina jembamba na kichwa kilichochanua kama ufagio wa chelewa uliosimamishwa. Nimeichora mara mbili, ya kwanza nimeichana. Mvua haijakata tangu alfajiri. Karatasi inavuta unyevu, rangi inasambaa inavyotaka yenyewe.

Nikitoka kazini nikapita Kariakoo kukagua bango langu. Liko kwenye maduka ya nafaka tangu kabla ya Pasaka. Kushoto karanga nzima, na tiki ya kijani. Kulia karanga zenye kuvu, zilizosinyaa na kubadilika rangi, na mkasi mwekundu juu yake, ile alama ya kosa ya walimu. Chini kuna maneno ya Dokta Sanga, mkuu wa maabara yetu: karanga zenye kuvu zina sumukuvu, huharibu ini, hudumaza watoto, zitenge uziweke kando. Maneno yake, picha zangu. Hizo mbovu zilinilia wiki nzima. Kila kunyanzi nimelitazama kwenye lenzi kabla ya kulichora.

Nilitegemea kukuta limechanwa, au limefunikwa na kalenda. Wapi! Yote yapo. Mzee Harshad, muuzaji wa jumla wa karanga karibu na Mtaa wa Msimbazi, la kwake amelivalisha nailoni na kulipandisha juu ya mizani, kando ya picha ya Lakshmi, mungu wao wa mali, yenye shada la maua. Pahala pa heshima hapo. Nikamshukuru, akatabasamu sana. Harshad hatabasamu bure. Na Kariakoo hakuna mtu anayetoa ukuta wake bure, hata uwe umemletea picha ya mama yake mzazi. Kuna kitu hapa sikielewi.

Jumanne, 6 Mei

Kikao. Wafadhili wamelipenda bango. Litachapishwa kwa ajili ya masoko ya nchi nzima. Dokta anataka faili la mwisho Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu. Wakapiga makofi.

Halafu akanivuta kwenye korido. Eti nichague, mwanasayansi au mchoraji. Eti watu wanaanza kuniita dada wa katuni, na makala yangu ya kuvu haijaisha tangu mwaka jana. Nani ananiita hivyo? Hakusema. Nahisi ni yeye.

Nimekasirika mpaka nikamwaga chai kwenye meza ya watu. Sichagui. Mimi nikichora ndipo ninapoona. Kunyanzi la karanga hulijui mpaka mkono ulifuate. Dokta yeye anaangalia namba zinazotoka kwenye kipimo tu, hajawahi kukaa na karanga moja mchana kutwa.

Alhamisi, 8 Mei

Kwa Harshad tena, jioni. Kisingizio: nataka karanga za kukaanga. Nikazamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, nikatoa konzi ya chini kabisa. Safi. Mvua hii, unyevu huu, halafu gunia zima halina hata punje moja yenye kuvu? Uani kwake wanawake wamekaa kwenye majamvi, kila mmoja na ungo wake, wanachambua. Ndicho nilichotaka. Bango linafanya kazi. Mbona sifurahi?

Nikamwuliza zinazotengwa zinaenda wapi.

"Zinaenda, binti."

Wapi?

"Zinaenda tu." Akageuka kumhudumia mteja. Hapakuwa na mteja.

Jumamosi, 10 Mei

Upelelezi. Nimesimama mkabala na mlango wa nyuma wa Harshad, chini ya turubai la muuza mabeseni, najifanya nachagua beseni. Nimechagua mpaka muuzaji naye akaanza kunitilia shaka, akavuta mabeseni yake karibu.

Likatoka gunia, mdomo umefungwa kwa kamba nyekundu. Likafuata lingine, hivyohivyo. Mengine yote ya duka lile yanafungwa kwa kamba ya katani. Yakapakiwa kwenye mkokoteni. Nikaufuata. Tope hadi kwenye vifundo, wabeba mizigo wananipigia kelele, "Dada, njia! Dada, utaumia!" Ukakata kuelekea Mchikichini. Pale Msimbazi magari yakanitenga nao, nikaupoteza.

Labda chakula cha kuku. Hata hilo baya, lakini labda. Nimejiona mjinga. Mtafiti mzima na shahada zake anakimbizana na mkokoteni. Ila zile kamba nyekundu nimeziona kwa macho yangu mawili, na hakuna anayetia alama kitu asichokuwa na mpango nacho.

Jumapili, 11 Mei

Ibada, kisha kwa mama mdogo Ndeshi. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, nikiwa kidato cha kwanza. Aliteremka kutoka Machame na mumewe wakafungua duka. Mume alishatangulia, na siku hizi yeye ana mashine ya kusaga Mchikichini, nyuma ya mitumba. Anatengeneza unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga. Mwanangu Upendo anashinda kwake siku za kazi. Ana miaka miwili. Anakunywa uji wa bibi yake asubuhi na jioni, hataki kingine. Mashavu yapo. Urefu ndio bado. Mimi nasema ni wa kwetu, sisi wote wafupi.

Mama mdogo naye ametundika bango langu pale kwenye mashine, karibu na picha ya harusi yake. Kila mteja anaambiwa, "Hii kachora mwanangu, daktari wa wadudu." Kuvu si mdudu. Nimechoka kumsahihisha. Machalari yake ya ndizi na nyama leo yalikuwa matamu, nikala sahani mbili.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeomba ruhusa, nikafika Kariakoo maduka yanafunguliwa. Siku zote nimekuwa nikienda jioni wakati wanakusanya vitu vyao. Ujinga wangu huo.

Harshad akatoa vibao viwili vya katoni vyenye bei, kila kimoja na ndoano ya waya. Kimoja akakitundika upande wa kushoto wa bango langu. Kingine akakitundika kulia, juu ya mkasi mwekundu. Kikauziba wote.

Akaingia mama mmoja na kikapu. Hakuuliza kitu, akanyoosha kidole tu. "Nipe za kulia." Akapimiwa. Karanga zangu mbovu zilezile, kunyanzi kwa kunyanzi. Akaja mwingine, akasimama akalitazama bango kama mtu anayechagua kitenge, akauliza za kushoto bei ya mwisho ni ipi, akaguna, akachukua za kulia.

Nimewachorea katalogi. Kushoto namba moja, kulia namba mbili.

Nikamjia juu Mzee Harshad. Hata shikamoo sikumpa. Nikamwambia anauza sumu mchana kweupe. Hakupandisha sauti. "Binti, sisi hapa ukutani tunatundika tunachouza. Duka la wigi linatundika wigi. Wewe umeniletea picha mbili, nzuri sana. Nikaelewa bidhaa mbili." Akasema zamani zilikuwa zinachanganyika, bei moja, wateja wanalalamika kila siku. Sasa kila mtu anapata kwa uwezo wake. Eti nimemsaidia. Eti Mungu anibariki.

Nikamwuliza, na mkasi je? Na maneno? Akasema maneno ni madogo, na mteja wa Kariakoo hasomi, anaangalia.

Nimezunguka maduka mengine. Kote vibao. Kwingine wameandika bei kwa chaki juu ya nailoni, ya kufutwa jioni. Za kulia zinaisha kwanza.

Jumatano, 14 Mei

Kichwa kinauma. Zamani mbovu zilitawanyika, punje hapa punje pale, kila mtu anakula kidogo bila kujua. Sasa zimekusanywa pamoja. Anayenunua za kulia anakula zote peke yake. Nimezikusanya mimi, kwa brashi.

Nani wa kamba nyekundu? Harshad hasemi, mteja wake ni siri yake. Nikaenda uani kwa wachambuaji, nikavuta jamvi, nikashika ungo. Wote wakainamia nyungo zao. Mmoja akaniuliza kama mimi ni mtu wa kodi. Hapana. "Basi wa afya." Nikasema mimi ni mchoraji. Wakaangaliana. Hakuna aliyeniamini, na mimi nisingejiamini. Ndipo nikaokota kipande cha katoni nikamchora yule anayecheka kwa sauti, Mama Salma, na kilemba chake kilichokaa upande. Katoni ikapita mkono kwa mkono. Wakalegea.

Mama Salma akaniambia. Rejareja wanachukua wenye hali ngumu. Magunia ya kamba nyekundu ni ya wenye mashine. "Za unga wa watoto hizo, mwanangu. Zikishasagwa nani atajua?"

Nimerudi kazini, sikumwambia mtu. Mchikichini kuna mashine nyingi. Nyingi sana. Naandika hapa ili nijisomee: mashine ni nyingi.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemfuata Upendo mapema. Mama mdogo alikuwa uani anaongea na simu. Nikaingia stoo kutafuta kandambili za mtoto.

Gunia. Kamba nyekundu.

Nyuma yake lingine, limefunguliwa, limefika nusu. Nikachota kiganjani. Hapo sihitaji hadubini, hizo karanga nazijua kuliko ninavyojua uso wangu.

Nikatoka. Sikuuliza. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasema nimekonda, nile. Nikamwomba pakiti ya unga, nikadanganya eti jirani anataka kujaribu. Akanipa mbili, ya pili zawadi kwa huyo jirani. Upendo alikuwa ameshakunywa uji wa jioni, mdomoni ana masharubu yake. Nimemfuta kwa nguvu mpaka akalia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Naichukia methali hiyo leo.

Jumamosi, 17 Mei

Maabara imefungwa mpaka Jumatatu. Nimempeleka Upendo zahanati kupimwa urefu, angalau niwe nimefanya kitu. Hajasogea. Nesi akauliza anakula nini. Nikasema uji wa lishe. "Vizuri sana, mama, endelea hivyohivyo, umwongezee karanga." Nikamshukuru. Ningesema nini?

Jumatatu, 19 Mei

Upendo nimemwacha kwa jirani. Mama mdogo nimemwambia ana mafua. Uongo wa pili.

Nimepima unga. Nikarudia. Nikarudia tena kwa chombo kingine, nikiomba nimekosea. Mbaya. Si matokeo ya kubishania. Dokta akapita nyuma yangu akaona, akauliza sampuli ya nani. Nikasema ya sokoni. Akanitazama.

"Huyo azuiwe wiki hii. La sivyo nawapigia watu wa viwango mimi mwenyewe."

Nikajifungia chooni nikalia. Urefu wa Upendo. Miezi yote hii nasema ni wa kwetu.

Jumanne, 20 Mei

Nimeenda peke yangu. Mashine ilikuwa inanguruma, yeye mweupe kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwomba azime. Akajua kuna jambo.

Nikasema moja kwa moja, sijui njia nyingine. Karanga zile zina sumu. Unga una sumu. Upendo anakunywa sumu. Alinisikiliza amesimama. Kisha akauliza nimejuaje. Nimepima. Nimepima nini? Unga.

"Upi? Ule wa jirani yako?"

Nikakiri, ni ule.

"Kumbe ulikuwa unanipeleleza, Eli. Nakupa unga kwa mkono wangu, unaupeleka polisi."

Nikasema maabara si polisi. Akasema kwake ni kulekule. Akasema karanga anazikaanga mpaka zinanukia, moto unaua kila kitu. Nikamwambia hii haifi kwa moto. Akasema amelea watoto watano kwa unga, na mimi nikiwemo, nani amezikwa? Nikasema enzi zile karanga zilikuwa zimechanganyika. Akacheka, si cheko la furaha. Akanishika mkono akanisimamisha mbele ya bango langu kama mwalimu na mtoro.

"Soma."

Nikasoma kwa sauti. Mtu mzima na akili zangu, nasoma bango langu mwenyewe.

"Umesema weka kando. Nani kasema usinunue? Zimewekwa kando, nimezinunua hukohuko kando. Tena hizi za kulia umezichora kwa mapenzi kuliko zile nzima."

Hilo limenichoma kwa sababu ni kweli. Zile nzima nilizimaliza mchana mmoja.

Lakini nimerudi na jambo moja halinitoki. Bango la mama mdogo halina kibao cha bei. Mkasi uko wazi pale, mwekundu, mkubwa kama kiganja. Yeye amesoma kwa walimu wa fimbo, anajua mkasi mwekundu ni nini. Na anasoma, si kama wateja wa Harshad. Kila Jumapili anasoma somo la kwanza kanisani. Pale chini imeandikwa hudumaza watoto. Amekuwa akipita mbele yake kila siku na kikombe cha Upendo mkononi.

Alijua?

Nilitaka kumwuliza, nikashindwa. Aliwasha mashine nikiwa bado nimesimama.

Jumatano, 21 Mei

Upendo amegoma. Nimempikia uji wa mahindi mtupu, akautema kwenye sketi yangu ya kazini. Anamlilia bibi. Jirani anasema mtoto ana adabu mbaya. Jirani mwenyewe namtazama anamlisha nini, nimefungua hata masufuria yake akiwa bafuni. Nimekuwa mtu wa kufungua masufuria ya watu.

Alhamisi, 22 Mei

Nachora picha ya tatu: karanga mbovu zinatupwa. Kitu rahisi, sivyo? Thubutu!

Nimechora moto. Nikawapelekea Mama Salma na wenzake uani. "Za kukaanga," wakajibu wote kwa pamoja. Nikachora shimo na mkono unafukia. "Kilimo." Mmoja akauliza kama mvua hii inatosha kupanda. Nikachora pipa la taka, Mama Salma akasema pipa zuri hilo, linauzwa duka gani? Nikacheka, mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Mwisho kwa hasira nikachora choo cha shimo, mlango wa bati, karanga zinamiminwa humo. Wakapiga kelele, wakaziba pua. "Astaghafiru! Hizo mtu hali tena!"

Nikaondoa kushoto na kulia. Karanga mbovu sasa hazina upande wao, ziko chooni tu. Nikamwonyesha Harshad. Akaitazama kwa mikono nyuma. "Hii mimi situndiki karibu na Lakshmi," akasema. Nikajua imekaa sawa.

Dokta hakuelewa. Choo? Kwenye bango la wafadhili? Nikamwonyesha picha za vibao kwenye simu yangu, duka baada ya duka. Akakaa kitini. Akazitazama upya. Halafu akasema mchapaji anasubiri na faili la zamani analo. Nikamwambia akichapa lile atafungua soko la karanga mbovu nchi nzima, na jina langu alifute. Akasema basi nirudi kwenye hadubini na nibaki hukohuko, mambo ya picha yaishe. Nikasema sawa, lakini usichape lile. Akarudi kwenye namba zake. Simwamini. Anaweza akawa amechapa tayari.

Mama mdogo hapokei simu.

Ijumaa, 23 Mei

Asubuhi ujumbe wa Dokta, maneno matatu: Leta hicho choo. Nimepeleka. Hakuniangalia usoni, lakini mchapaji nimemwona kwa macho yangu akilipokea jipya, na la zamani likifutwa. Habari ya mimi kubaki kwenye hadubini hakuirudia, na mimi sikuikumbusha. Akauliza yule wa sokoni vipi. Nikasema anashughulikiwa.

Jioni nikapita Mchikichini. Mlango wa mashine una kufuli. Nikatega sikio kwenye mbao, hakuna ngurumo. Amefunga kwa sababu amenisikia, au amehamishia kazi kwingine mpaka mimi nichoke? Naona aibu kuwaza hivyo, na bado nawaza. Wahenga walisema mchawi mpe mwanao amlee. Mimi sikumpa mchawi. Nilimpa mama yangu.

Jumamosi, 24 Mei

Ujumbe wake, hauna hata salamu. Kesho baada ya ibada njoo na mtoto.

Jumapili, 25 Mei

Manyunyu. Mama mdogo alikuwa uani, kwenye kigoda, ungo mapajani. Magunia ya kamba nyekundu hayapo stoo. Akanielekeza kwa kidevu kule chooni. Mlangoni unga umemwagika, umelowa, umeshaanza kuganda. Siku tatu amezunguka madukani akirudisha pakiti zake, nyingine amezifuata hadi kwa wateja majumbani. Nimeamini kwa sababu nimeiona miguu yake, imevimba, viatu haviingii. Kesho nitamwambia Dokta ni nani, na nitamwomba aje apime mwenyewe. Nilimwambia mama mdogo hivyo. Akasema aje.

Lile lingine hatukulizungumza. Nikavuta kigoda, nikachambua naye. Ni karanga nzuri hizi, lakini bado kuna moja moja mbaya. Yeye anaziona kabla yangu. Upendo alikuwa anarukia madimbwi na viatu vya kanisani na hakuna aliyemkataza. Sikuuliza kama alijua. Niliuliza ulezi wa safari hii umetoka wapi, akasema Singida.

Akapika uji. Nilikaa jikoni nikitazama kila kilichoingia sufuriani. Alijua natazama. Akamimina vikombe vitatu.

Kwetu Uchagani anayemkaribisha mgeni mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja yeye kwanza, mgeni aone kwamba haina kitu kibaya. Ni heshima ya mgeni. Mtoto wa nyumbani haonjewi, anapewa tu. Tangu nilipoingia nyumba hii na begi la shule, mama mdogo hajawahi kunionjea kitu.

Leo alichukua kikombe changu, akanywa mafunda mawili, akapangusa ukingo kwa kiganja, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akachukua na cha Upendo, akafanya vilevile.

Haithibitishi chochote. Sumukuvu haina ladha, na haiui leo. Nikasema asante, mama. Nikanywa.

Upendo akamaliza cha kwake, akaomba kingine. Mama mdogo akamimina, akaonja kwanza, ndipo akampa.